Sponji ya Jero, Hasara ya Laki

Kikaango kilitoka Muscat. Kililetwa na shemeji aliyekuja Dar es Salaam kwa ajili ya harusi, kimeviringishwa ndani ya kanga mbili ili kisikwaruzike kwenye begi, na mwenye nyumba wa Tabata alikipokea kwa mikono miwili. Ndani kilikuwa cheusi tii, laini, cha aina ile ambayo yai huteleza lenyewe bila kudai mafuta. Kwanza kilikaa juu ya kabati, kikionyeshwa wageni. Siku kilipoingia kazini, mama alikaangia mayai ya asubuhi, akakiacha kwenye sinki, akawahi daladala. Jioni alikikuta kwenye kichanja, kinameremeta kama shilingi mpya.

"Shikamoo, mama," alisema dada wa kazi, uso umejaa furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Marahaba. Hiki kikaango kimepatwa na nini?"

"Kilikuwa na masizi mpaka ndani, mama. Nimehangaika nacho tangu mchana. Stilwaya mbili zimekwisha, lakini yametoka yote."

Mama akaketi. Ni kazi ngumu kumweleza mtu kwamba uchafu alioutoa ndio uliokuwa kikaango chenyewe.

Weusi ule ulikuwa umesafiri mbali kuliko Muscat. Mwaka 1938 mkemia wa kampuni ya DuPont, Roy Plunkett, alifungua mtungi wa gesi huko New Jersey na gesi ikagoma kutoka. Ndani akakuta unga mweupe unaoteleza ajabu, usiotaka kushikana na kitu chochote. Miaka mingi baadaye, Ufaransa, mhandisi Marc Grégoire alikuwa akitumia kitu hichohicho kwenye zana zake za uvuvi, mpaka mkewe alipomuuliza kwa nini asikipake kwenye sufuria zake. Mwaka 1956 ikazaliwa Tefal. Ilihitajika bahati ya mkemia, akili ya mhandisi na swali la mke ili yai lisigande. Kuyafuta yote hayo kulihitaji stilwaya mbili na alasiri moja.

Si haki kumcheka dada. Alikulia Singida, kwenye mji ambao sufuria zilianikwa juani kwenye kichanja cha miti, matako nje, ili kila apitaye njiani aone nyumba hiyo ina wanawake wa namna gani. Bwana afya alipokuja kukagua choo, alikagua na kichanja. Kwa malezi hayo, chombo cheusi hutoa ushahidi wa aina moja tu, nao haumsifu msichana aliyekiosha. Hakuna aliyemwambia kwamba mjini kuna weusi unaonunuliwa kwa fedha nyingi na kusafirishwa kwa ndege.

Hapo ndipo penye kichekesho cha majiko mengi ya mjini. Mtu atazunguka Kariakoo siku nzima akilinganisha sufuria, akizigonga kwa kucha, akizinyanyua kuona uzito, akimwita fundi wa jirani atoe maoni. Kisha kile kitakachozigusa sufuria hizo kila siku ya maisha yao atakinunua dirishani mwa daladala, foleni ikiwa imesimama, kwa sababu muuzaji hana chenji na abiria hataki kuacha jero yake.

Zamani uchaguzi ulikuwa mwembamba na kila mtu aliujua. Pwani kulikuwa na kumbi la nazi, bara kulikuwa na gunzi la mahindi, na penye msasa watu walichuma majani yake yanayokwaruza na kusugulia. Juu ya hayo yaliwekwa majivu, ambayo wengi hudhani ni umaskini tu. Sivyo. Majivu ya kuni yana chumvi za potasi ambazo zikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni, na chembe zake husugua bila kuchimba sana. Mchanga ndio unaochimba, na sufuria iliyooshwa kwa mchanga miaka ishirini huwa nyepesi kuliko ilivyonunuliwa.

Wapishi wa shughuli walikuwa na ujanja mwingine. Kabla ya kubandika sufuria kubwa ya pilau kwenye mafiga, huipaka nje udongo au majivu yaliyoloweshwa. Masizi hushika udongo badala ya sufuria, na kesho yake yote huondoka kwa maji. Wengine hupaka sabuni, nayo hufanya kazi vilevile. Kijana mmoja wa Mbagala aliyedokezwa siri hiyo mezani, wapishi wakicheka na redio ikilia, alilisikia neno "sabuni" na neno "sufuria", lakini neno "nje" likampita. Wageni wake walikula pilau yake kwa adabu kubwa. Mmoja aliulizia kama ni iliki.

Alumini yenyewe ina tabia zinazowachosha watu bure. Ikichemshwa na kitu chenye magadi hufanya weusi kwa ndani; ikichemshwa na kitu kichachu hutakata. Ndiyo maana sufuria ya maharage yaliyolainishwa kwa magadi hutoka na sura ya msiba, na ile iliyopikiwa ukwaju hutoka imekuwa bibi harusi bila kuguswa. Watu wamechubuka vidole kwa weusi ambao nusu ndimu na maji ya moto vingeumaliza. Weusi ulioondoka wakati wa kupika mchuzi wa ukwaju ulikwenda wapi, hilo ni swali ambalo wapishi hawapendi kuulizwa mezani.

Wala kero hii si ya Waswahili peke yao. Mwaka 1917, San Francisco, Ed Cox alikuwa akiuza sufuria za alumini mlango kwa mlango na milango ilikuwa haifunguki. Akabuni zawadi ya kuingilia ndani: vipande vya nyuzi za chuma alivyovichovya kwenye sabuni mara kadhaa na kuvikausha. Wanawake wakazisahau sufuria, wakadai zawadi. Mkewe ndiye aliyeipa bidhaa hiyo jina, S.O.S., herufi alizozifasiri kuwa ni wito wa kuokoa sufuria zetu. Cox akaacha biashara ya sufuria. Bila shaka alitambua kwamba sufuria hununuliwa mara moja na uchafu huja kila siku.

Stilwaya ya kwetu haiji na sabuni, ila ina matumizi ambayo Cox hakuyafikiria. Ifikapo Desemba hupotea. Watoto huifunga kwenye waya mrefu, huiwasha moto, kisha huizungusha gizani hadi cheche zimwagike duara zima na shati lipate matundu. Hakuna uchawi hapo. Nyuzi zake ni nyembamba mno, hewa huzifikia kila upande, na chuma huungua kweli. Mama akiuliza stilwaya iliyonunuliwa juzi iko wapi, mtoto hujibu kwa unyenyekevu kwamba imekwisha. Kikemia huo ni uongo mtupu: chuma kikiungua hubeba oksijeni, na mabaki yake ni mazito kuliko stilwaya yenyewe.

Uzi wa stilwaya unaokatika na kubaki kwenye chombo hauchekeshi sana. Mwaka 2012 CDC ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu wagonjwa wa Rhode Island waliomeza nyuzi za brashi za waya zilizosugulia majiko ya kuchomea nyama. Wengine walichomwa kooni, wengine tumboni. Wachoma mishkaki wanaopangusa wavu kwa nusu ya limau au kitunguu kilichochomwa na uma wako salama zaidi kuliko wanavyojua, na wavu wao unanukia vizuri.

Sasa sponji. Godoro likichoka Dar es Salaam halitupwi, hurithiwa. Sehemu inakwenda kwenye mto wa kiti, sehemu kwenye siti ya bodaboda, na kipande kinachobaki kinakatwa kwa kisu na kupelekwa jikoni. Kina povu jingi, hakikwaruzi, na hakikugharimu kitu. Tatizo lake ni kumbukumbu. Katika nyumba moja ya Temeke mama mkwe alikuwa akisifu vyombo vilivyotakata, mpaka mjukuu wa miaka sita alipokitambua kile kipande cha njano sinkini na kutangaza kwa fahari, "Bibi, hilo ni godoro langu!" Kila mtu mezani alijua kwa nini godoro lile lilistaafishwa mapema. Chai ilibaki vikombeni.

Kisayansi mtoto hakukosea. Sponji nyingi za dukani na magodoro mengi ni kitu kimoja, poliyurethani, iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Mapovu yenyewe yaliingia kwa bahati mbaya, na inasimuliwa kwamba sampuli za mwanzo zilirudishwa na wakaguzi kwa kejeli, kwamba labda zifae kuigizia jibini ya Uswisi yenye matundu. Matundu hayo ndiyo yanayobeba maji na sabuni. Ndiyo pia yanayobeba wapangaji.

Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Markus Egert wa Chuo Kikuu cha Furtwangen walichunguza sponji 14 zilizotumika majumbani. Palipojaa zaidi walikuta bakteria bilioni 54 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Wengi wao hawana madhara kwa mtu mwenye afya, na mmoja wao, Moraxella osloensis, ndiye mwenye lawama ya harufu ile ya nguo zilizochelewa kukauka. Pua za akina mama zilikuwa zimeshamshuku bila darubini. Jambo lililowauma wasafi ni jingine: sponji ambazo wenyewe walisema huzichemsha au kuzipasha moto mara kwa mara hazikuwa na nafuu. Watafiti wakashauri sponji ibadilishwe kila wiki. Ushauri huo ukisomwa kwa sauti Manzese utazua kicheko, kwa sababu wiki moja ndiyo kwanza sponji imeanza kulainika na kuzoea mkono.

Na ushauri una ajali zake. Mapema mwaka 2007 zilienea habari za Gabriel Bitton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, waliopima na kukuta kwamba dakika mbili ndani ya maikrowevu huua zaidi ya asilimia 99 ya vijidudu vilivyo kwenye sponji. Wasomaji wakakimbilia jikoni. Sponji ya utafiti ilikuwa imelowa maji; za baadhi ya wasomaji zilikuwa kavu. Nyumba zikajaa moshi, maikrowevu zikaharibika, barua za hasira zikaandikwa, na vyombo vya habari vikalazimika kuongeza kwamba sponji sharti iwe imelowa. Vijidudu, kwa kadiri inavyoweza kuaminika, vilikufa.

Wanorway walilitazama jambo hili kwa upande wa pili, kwani huko wengi huosha vyombo kwa brashi yenye mpini, wakati Wareno hupenda sponji. Watafiti wa taasisi ya Nofima waliolinganisha vifaa hivyo walichapisha matokeo yao mwaka 2021: vijidudu vya salmonela vilivyowekwa kwenye brashi vilipungua sana ilipoachwa ikauke, ila kwenye sponji vilidumu. Hakuna siri kubwa. Brashi hukauka usiku mmoja, sponji haikauki, hasa ikiishi ndani ya kibeseni chenye maji ya sabuni ya juzi, ambako ndiko sponji nyingi za Afrika Mashariki huishi.

Basi brashi imeshinda? Aulizwe kijana mmoja wa Sinza, aliyehama kwa wazazi akiwa na godoro, jiko la gesi la plet moja na ari ya kujitegemea. Alipita kwenye mkokoteni wenye kipaza sauti kinachoimba bei moja kutwa nzima, akaona brashi nyeupe ya duara, mpini mrefu, imesimama kwenye kikombe chake chenyewe. Akavutiwa na hicho kikombe, kilionyesha ustaarabu. Kwa wiki kadhaa alioshea sufuria na bilauri, na alishangaa jinsi kichwa kile cha mviringo kilivyoingia vizuri kila pembe. Siku shangazi yake alipokuja kumtembelea na kutaka kusaidia jikoni, alisimama mbele ya sinki muda mrefu.

"Mwanangu, hii ndiyo unayooshea vyombo?"

"Ndiyo, shangazi. Nzuri sana, inafika mpaka chini."

"Najua inakofika," alisema shangazi. Wakaenda kula mgahawani.

Kwa haki, brashi ile ilikuwa mpya na haijawahi kuona choo. Usafi wake haukuwa na dosari. Lakini kuna vitu ambavyo maji ya moto hayavioshi, na mojawapo ni kile shangazi alichokwisha kukiona akilini.

Chupa ya chai nayo ina kaburi lake maalumu. Mdomo wake ni mwembamba, rangi ya chai hujenga ukuta kwa ndani, na mkono haupiti. Mtu huchukua brashi ya chupa yenye ncha ya waya, au akikosa hiyo hufunga stilwaya kwenye kijiti, akasukuma. Kinachosikika ni "pu!" moja nzito. Ndani ya chupa hizo kuna kioo chembamba cha kuta mbili kilichonyonywa hewa katikati, ubunifu uliotokana na kazi ya James Dewar mwaka 1892, na kioo kilichonyonywa hewa kikikwaruzwa hakina subira. Bibi zetu walitia maganda ya yai yaliyopondwapondwa au punje za mchele na maji kidogo, wakatikisa, wakamwaga. Chupa zao ziliishi mpaka maua ya nje yakafutika.

Ukoko wa wali una dawa rahisi zaidi, maji na muda, ingawa dawa hii imeharibiwa na watumiaji. Katika nyumba zenye vijana, "nimeloweka" ni namna ya kusema kwamba sufuria itaoshwa na mtu mwingine. Kuna sufuria zimelowekwa tangu Ijumaa.

Wanaotaka kutoka kwenye mapovu ya kiwandani wana dodoki, tunda la mtambaazi wa jamii ya maboga linaloachwa likauke mtini, likamenywa na kukung'utwa mbegu, likabaki wavu mgumu. Wengi hulijua bafuni, ilhali kwenye vikaango vyenye utando halina madhara, hukauka upesi, na likizeeka hutupwa shambani likaoza. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia madodoki yalichuja maji na mafuta kwenye mitambo ya meli. Chungu cha mchicha hakiwezi kuyashinda. Likiwa changa huliwa, kwa hiyo mwenye mti wake anapaswa kuamua mapema kama analima mboga au sponji. Wapo wanaochelewa uamuzi huo na kupika, wakagundua kati ya tonge na tonge kwamba wanatafuna kifaa.

Na Jambiani, Unguja, kuna wanawake wanaolima sifongo zenyewe za baharini. Bahari imekuwa na joto, mwani umesumbua, na kupitia mradi wa shirika la marineCultures wamejifunza kukata vipande vya sifongo hai, kuvitundika kwenye kamba zinazoelea na kuvihudumia kwa miezi mingi mpaka vikue. Sifongo ni mnyama, hata kama hana mdomo wa kulalamika, na kipande kinachokatwa hukua kuwa sifongo kamili. Wageni huzinunua kwa kuogea, kwa bei ambayo ingenunua sponji za dukani za kutosha ukoo mzima. Anayetaka kuoshea sufuria ya dagaa kwa sifongo ya Jambiani aombe ruhusa kwa aliyemzawadia.

Nyumba ile ya Tabata haikununua sifongo. Mama alibandika kikaango kilichong'aa kwenye jiko kukaangia maandazi, kwa kuwa alumini tupu haina tena cha kupoteza, kisha akatunga sheria. Sponji yenye kona zote nne ni ya vyombo peke yake. Ikichakaa inakatwa kona moja, inakwenda kufuta jiko na meza. Ikikatwa ya pili ni ya bafuni. Ya tatu, chooni, na hairudi. Kwa mwezi mzima sheria ilifuatwa, na dada ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, akisimama sinkini na kuhesabu kona za watu. Kisha akaja mjomba kutoka Moshi, mtu mwenye kupenda kusaidia na asiyevumilia vitu visivyolingana. Mama alimkuta jikoni asubuhi na mkasi mkononi, ameshazikusanya sponji zote za nyumba kwenye beseni moja na kumaliza kuzikata kona zilizosalia, zikawa za duara, nzuri, zote sawasawa.